Kiti cha Sena, Cheti cha Ng'ambo: Njia za Kuwa Msusi Ukiwa Mfangano

Hapa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, saluni hufuata mwezi. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza, wakawasha taa juu ya maji ili samaki wakusanyike. Mwezi ukipevuka na kumulika ziwa zima, taa hazina kazi tena. Mitumbwi hulala ufuoni, na pesa nazo hulala. Siku za giza, mama anayeanika omena anakuja kwako kusukwa rasta za kiunoni. Siku za mbalamwezi anajifunga kilemba na kukuambia, "Ngoja kidogo, nyathina," yaani mwanangu.

Weka hesabu hiyo akilini, kwa kuwa tutairudia. Wengi wanaamini kwamba ili uwe msusi wa kutambulika ni lazima ufunge virago, uhamie Kisumu au Nairobi, ulipe ada ya mwaka mzima, ndipo ushike kitana. Kwa mtu wa kisiwani ipo njia nafuu zaidi: mkono uive kwanza hapa hapa kisiwani, Sena, kisha uvuke maji ukijua unachokifuata, urudi na karatasi.

Cheti ni cha nini basi?

Nchini Kenya hakuna askari atakayekukamata kwa kusuka bila cheti. Ukiwa na kitana, stuli na mteja, wewe ni msusi. Hata Uingereza ni hivyo: sheria yao ya mwaka 1964 inampa msusi nafasi ya kujisajili akipenda, haimlazimishi. Ujerumani mambo ni tofauti kabisa. Huko mwanagenzi hufunzwa kwa miaka 3, na anayetaka kufungua saluni yake kwa kawaida hutakiwa kufikia daraja la ufundi mkuu.

Mteja wa Sena, basi, hatakuuliza cheti. Watakaokuuliza ni hawa: saluni kubwa ya mjini au hoteli inayotangaza nafasi ya kazi; chuo kinachotafuta mkufunzi; wakala wa ajira za Ghuba; na mzazi anayetaka kukuachia binti yake umfundishe. Kama hata mmoja kati ya hao yumo katika ndoto zako za miaka 5 ijayo, karatasi itakuhusu. Ipo pia sababu nyingine, ambayo haitundikwi ukutani. Mkono unaweza kujifunza matuta kwa kutazama, lakini hauwezi kuona kilichomo ndani ya mkebe wa dawa ya nywele. Hilo linahitaji darasa.

Anza na mkono: uanagenzi

Usichague fundi kwa wingi wa vioo vyake. Kaa kwenye benchi lake nusu siku na uwatazame wateja wanaorudi, hasa kwenye paji la uso na juu ya masikio. Kama nywele za pembeni zimekatika na ngozi inang'aa, huyo anasuka kwa kukaza, na atakufundisha kukaza.

Ukimpata wa kumwamini, mkubaliane kabla ya siku ya kwanza, na muandike hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mzazi au mzee mmoja:

- Utakaa miezi mingapi, na utalipa nini au utamfanyia kazi gani badala ya malipo.
- Lini utaanza kupata fungu lako kwa kichwa ulichosuka mwenyewe.
- Nani ananunua vitana, sindano za kufumia na nywele za kujifunzia.
- Atakuandikia barua ya kuthibitisha muda uliofanya kazi kwake. Barua hii usiisahau. Huko mbele itakuwa na thamani kuliko unavyodhani.

Mpangilio wa kujifunza uwe wa ngazi. Fumua kwanza, maana anayejua kufumua rasta bila kukata nywele amekwisha kujifunza subira. Halafu osha, chana, kausha kwa blodraya. Kisha gawa nywele, suka matuta, suka rasta, fuma wivingi, tunza dredi. Dawa ije mwisho kabisa.

Kwenye kugawa ndiko msusi anakojulikana. Shika kitana chenye mkia. Ncha ya mkia iguse ngozi kuanzia kwenye paji, uivute kwa mwendo mmoja hadi kisogoni bila kuinua mkono. Ukiinua, mstari utapinda. Bana upande usiousuka. Anza tuta kwa nywele chache sana, unene wa njiti moja ya kiberiti, na uongeze kidogo kidogo kila unapopita chini. Vidole vikae karibu na ngozi. Vikipanda juu, tuta litalegea siku ya tatu. Ukifika katikati, simama umtazame mteja usoni. Nyusi zikiwa zimevutwa juu, au vijipele vyeupe vimejitokeza kwenye mizizi, umekaza mno. Fumua uanze upya. Mteja anayemeza vidonge vya maumivu ili apate usingizi ameumizwa, na nywele zikivutwa hivyo kwa miaka, vishina hufa na upara wa pembeni hauponi tena.

Ngazi za vyeti, kutoka chini kwenda juu

Milango ni mitatu, na watu huichanganya.

Wa kwanza ni mtihani wa ufundi wa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Una gredi 3: unaanza na Gredi ya III, unapanda hadi ya II, kisha ya I. Mlango huu umewafaa sana waliojifunza kazini, kwa sababu uzito wake uko kwenye vitendo na Gredi ya III haikudai alama za shule. Unakaa mbele ya mtahini, unapewa kichwa na muda, unafanya. Mitihani huja kwa misimu michache kila mwaka, kwa hiyo jiandikishe mapema katika kituo kinachotambuliwa na NITA. Mamlaka hiyo ina kituo chake Kisumu.

Wa pili ni vyeti vya TVET CDACC, baraza linaloandaa mitaala na tathmini za mfumo wa umilisi, ambao vyuoni unaitwa CBET. Hivi hupangwa kwa viwango:

- Kiwango cha 3: kwa aliyeishia darasa la nane au aliye karibu na hapo. KCPE, mtihani wa darasa hilo, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini cheti chako cha zamani bado kina kazi.
- Kiwango cha 4: kwa aliyefanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, hata kama alama zilikuwa za chini.
- Kiwango cha 5: kwa kawaida alama ya D katika KCSE.
- Kiwango cha 6, ambacho ni sawa na diploma: alama ya C-.

Wa tatu ni mitihani ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kitaifa, ya mfumo wa zamani: atisani, krafti na diploma. Kama dada yako au fundi wako ana cheti cha aina hiyo, kinatambulika. Wewe unayeanza leo, hata hivyo, utakuta vyuo vya umma vimehamia kwenye umilisi, ambako kozi imekatwa vipande viitwavyo moduli. Kwa mtu wa kisiwani hii ni neema. Unasoma moduli moja, unatathminiwa, unarudi nyumbani kutafuta ada, kisha unarudi kuendelea na inayofuata. Ukikatizwa na maisha hupotezi yote.

Kama tayari unasuka

Huenda una miaka 8 kwenye kiti chako na hujaingia darasani hata siku moja. Usikubali kuanzishwa kama asiyejua kitu. Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, ambao maofisini huitwa RPL, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA. Jirani zetu Tanzania wana utaratibu kama huo kupitia VETA, wanauita urasimishaji wa ujuzi.

Unajaza fomu ya kujitathmini, unapeleka ushahidi, unahojiwa, kisha unafanya kazi mbele ya mtathmini. Ukifaulu unapewa cheti cha kiwango kinacholingana na ulichoonyesha. Palipopungua, unaambiwa ukajifunze sehemu hiyo tu. Ushahidi ndio unaowaangusha wengi, kwa hiyo anza leo kuukusanya. Piga picha kila kichwa kizuri, kabla na baada, ukiwa umeomba ruhusa ya mteja. Andika tarehe na mtindo. Weka barua ya fundi aliyekufundisha, ile niliyokuambia usiisahau, leseni ya biashara kama unayo, na namba za wateja 2 au 3 walio tayari kukushuhudia.

Chuo kipi, na kukifikia vipi

Karibu zaidi ni vituo vya ufundi vya kaunti, vile vilivyokuwa vikiitwa politekniki za vijana kabla ya ugatuzi wa 2013. Viko chini ya Kaunti ya Homa Bay na kwa kawaida ada yake ni ya chini. Anza kuulizia katika ofisi ya wadi hapo Sena na ofisi za kaunti ndogo kule Mbita: ni kituo gani kina darasa la ususi na urembo muhula huu, na kina mkufunzi wa kudumu?

Ngazi ya juu yake ni vyuo vya umma vya kitaifa. Mawego, upande wa Kendu Bay, iko ndani ya kaunti yetu. Kisumu National Polytechnic iko mbali zaidi, lakini mji wenyewe una saluni nyingi za kufanyia mazoezi ya kazini. Kufika Kisumu una njia 2: mashua hadi Mbita kisha gari kupitia Homa Bay, au feri ya Mbita kuvuka hadi Luanda Kotieno upande wa Siaya, kisha gari. Vuka asubuhi, ziwa likiwa limetulia, na usione haya kuvaa jaketi la kuokolea hata kama abiria wengine wanacheka.

Vyuo vya binafsi vipo Kisumu, Homa Bay na Migori. Vingine ni vizuri sana. Vingine ni chumba kimoja, vioo vinne na bango kubwa. Kabla ya kutoa shilingi, uliza maswali haya ukiwa umesimama ndani ya chuo chenyewe:

1. Mmesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi? Nionyesheni hati, na tarehe yake. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa inapatikana kwa TVETA yenyewe; linganisha jina herufi kwa herufi.
2. Mwisho wa kozi nitatathminiwa na nani: NITA, CDACC, au nyinyi wenyewe? Wakikuambia "tunatoa cheti chetu", jua ni karatasi ya kutundikwa sebuleni.
3. Kozi hii hasa imeidhinishwa, au ni chuo tu kilichoidhinishwa kwa ushonaji na kompyuta?
4. Ada hiyo ina nini ndani? Ada ya mtihani, vifaa, kichwa bandia cha kujifunzia na nywele mara nyingi hudaiwa baadaye.
5. Mazoezi ya kazini ni miezi mingapi, na nani ananitafutia saluni?
6. Naweza kuzungumza na mwanafunzi wa mwaka jana?

Swali la mwisho ndilo bora kuliko yote. Chuo kizuri kitakupa namba mara moja.

Jitayarishe pia kwa lugha. Sena utafundishwa kwa Kidholuo, lakini mtihani wa nadharia huja kwa Kiingereza. Anza sasa kusoma maandishi ya nyuma ya kila chupa unayotumia. Ni kitabu cha bure, na ndani yake mna nusu ya msamiati wa mtihani.

Somo ambalo halijifunzwi kwa kutazama

Dawa nyingi za kulainisha nywele zina hidroksidi ya sodiamu, ile ile kostiki soda ya watengeneza sabuni. Nguvu yake ya kulegeza nywele ndiyo nguvu yake ya kuunguza ngozi. Kwa hiyo: usimwoshe mteja kabla ya kumtia dawa, na mwambie asijikune tangu jana yake. Tazama ngozi kwa kitana. Ukiona kidonda au mkwaruzo, mrudishe nyumbani. Paka mafuta mazito kwenye ngozi, masikio na mstari wa nywele. Jaribu dawa kwenye uzi mmoja wa nywele kwanza. Tia kwenye mizizi iliyoota tu, vaa glavu, fuata dakika za kwenye mkebe, na mteja akisema "inachoma" usimwambie avumilie. Osha hapo hapo, umalizie na shampuu ya kuzima dawa.

Watoto usiwatie kabisa. Na wateja wako wajue kwamba utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulihusisha matumizi ya mara kwa mara ya dawa hizi na saratani ya mfuko wa uzazi. Anayependa nywele zake za asili asibembelezwe.

Kuna pia mambo ya kisiwani ambayo kitabu cha Nairobi hakitakuambia. Maji ya ziwa letu yana kichocho. Yanayotumika saluni yachemshe, au yaache kwenye pipa lililofunikwa siku 2 kabla ya kuyagusa; unayeyateka kwa kuingia hadi magotini ndiye uliye hatarini zaidi. Maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta yamimine ukiwa umesimama nyuma ya mteja, kitambaa kikiwa mabegani, na mtoto asiwe karibu.

Mtoto akija na mabaka ya duara yasiyo na nywele, hiyo huenda ni choa. Usisuke, na kitana kilichomgusa kisafishwe. Mwelekeze zahanati, kwa sababu choa ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka pekee haitoshi. Kwa kinyozi, wembe ni wa mtu mmoja na mara moja, na meno ya mashine yasafishwe kwa spiriti kabla ya kila kichwa, mteja akiona. Katika kaunti yenye maambukizi mengi ya virusi vya ukimwi kama yetu, jambo hilo ndilo litakalowafanya watu wapite saluni nyingine 3 waje kwako.

Pesa

Mwaka 2018 serikali iliweka ada sare ya Sh56,420 kwa mwaka katika vyuo vya ufundi vya umma, ikilipa Sh30,000 kati ya hizo. Mfumo wa moduli umebadilisha namna ya kulipa, kwa hiyo omba ada ya moduli yako kwa maandishi. Ukipangiwa chuo cha umma kupitia KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, unaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mkopo hulipwa, usiuchukulie kama zawadi. Basari za kaunti na za eneo bunge huombwa mapema, na fomu huchelewa kufika kisiwani, basi usingoje iletwe. Uliza pia kuhusu mradi wa vijana wa NYOTA, ambao miongoni mwa kazi zake ni kuwasaidia vijana wa umri wa miaka 18 hadi 29 kupata ujuzi na kutambuliwa kwa ule walio nao.

Usikope Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, kulipia ada. Muda wake wa kulipa ni mfupi, na darasa haliingizi pesa. Itakufaa kununulia pakiti za nywele zinazouzwa ndani ya wiki 2.

Kiti chako mwenyewe

Unaporudi na cheti, chukua leseni ya biashara ya kaunti kabla afisa hajakukuta huna, na utarajie afisa wa afya akague choo, maji na uingizaji hewa. Ukicheza muziki dukani, ulizia leseni ya hakimiliki. Saluni nyingi hushtukia jambo hilo wakati faini imeshafika. Bidhaa zako ziwe na alama ya ubora ya KEBS, na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ambazo zimepigwa marufuku lakini bado huvuka mipaka, zisionekane kwenye rafu yako.

Ukitaka kwenda Ghuba, wakala awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mkataba useme kazi ni ya saluni na si "kazi yoyote", na vyeti vyako halisi usimwachie mtu yeyote. Mpe nakala.

Kalenda ya msusi wa kisiwani

Sasa turudi kwenye mwezi. Kila mwezi una siku kadhaa za mbalamwezi ambazo kiti chako kitakuwa kitupu. Wengi huzilalamikia. Wewe zipange.

Mbalamwezi ya kwanza, vuka hadi Mbita ukaulize vituo vya kaunti. Ya pili, nenda Homa Bay au Kisumu ukakague vyuo na maswali yako 6. Ya tatu, kaa nyumbani upange picha na barua zako. Ya nne, jiandikishe. Kuanzia hapo, kila mwezi unapopevuka, keti na kichwa bandia na saa: rasta 20 kwa muda uliopimwa, matuta 10 yaliyonyooka, sura moja ya kitabu. Siku za giza zitakapofika, mama wa omena atakaa kwenye stuli yako, nawe utamsuka kwa mkono ulioongezeka ujuzi tangu alipokuja mara ya mwisho, huku ukiweka kando sehemu ya malipo yake kwa ajili ya moduli inayofuata.

Msimu wa mtihani ukifika, mwambie mapema kwamba siku fulani hutakuwapo. Akikuuliza unakwenda wapi, mjibu, "Ngoja kidogo, mama."